Sori ya Kwamboka

Al Wukair, Qatar
14 Novemba 2024

Baba,

Umesema simu ni ya kuulizana kama mvua imenyesha, na mambo yenye kichwa na miguu yaandikwe kwa barua pepe. Haya, naandika. Lakini ukinirudishia barua hii na alama nyekundu za ngeli kama zamani, aki ya Mungu narudi kwa voisi noti.

Niko salama. Klabu yetu ya mpira wa kikapu imeleta Mmarekani mpya anaitwa Bradley. Ana miaka thelathini na sita, na ni mrefu hadi Harun, dereva wetu wa basi kutoka Mombasa, alipomwona aliuliza, "Yallah, huyu atakaa wapi?" Kila tukipanda basi anagonga kichwa mlangoni.

Usidhani ni wale unaowacheki kwa televisheni. Ile ligi kubwa ya kwao hajaicheza hata dakika moja. Aliitwa kujaribiwa kiangazi kimoja, akarudishwa. Tangu hapo ni kuzunguka tu: Finland, Romania, Uruguay, Ufilipino, Lebanon, na nyingine nimesahau. Miaka kumi na nne, nchi kumi na moja. Msimu mmoja hapa, nusu msimu kule, timu ikifungwa mara tatu mfululizo wa kwanza kufukuzwa ni Mmarekani. Waliachana na mkewe zamani. Ana binti Ohio anayeingia chuo mwaka ujao, na kila mpira anaoutupa ni wa huyo binti. Harun aliyemsaidia kuhamia anasema kabati la nguo liko tupu. Anatoa shati kwenye sanduku, anavaa, anafua, anarudisha humo humo.

Kama fizio wa timu, mimi namfunga plasta vifundo vya miguu kabla ya mechi na kumnyoosha baada ya mechi. Kuna wachezaji wawili hawataki kushikwa na mwanamke, hao wanaenda kwa daktari. Waliobaki hawana neno. Bradley haongei sana, lakini nilipomwambia babangu alifundisha kikapu kwenye uwanja wa murram, na ubao wa mbao za mabanzi, alicheka na kuomba anwani yako ya barua pepe. Nimempa. Umekasirika?

Mwanao,
Kwamboka


Keroka
18 Novemba 2024

Mama,

(Huyo mgeni wako akiuliza kwa nini baba anamwita bintiye Mama, mwambie umebeba jina la mama yangu, na kwamba hata ukinikosea naogopa kukukemea sana.)

Barua imefika. Ngeli zako ni nzuri kuliko nilivyotarajia. "Unaowacheki" sikuliona, nilikuwa nimevua miwani.

Bradley ameniandikia kabla hata yako sijaimaliza kusoma. Ameniuliza tulidundadundaje mpira kwenye murram bila kuupoteza kwenye mawe. Nimemjibu kwamba hatukudunda, tulipasiana, na ndiyo maana tulimaliza wa pili mkoani na wale wa shule za lami walibaki kushangaa. Nami nikamuuliza swali langu: mbona harudi kwao akapumzika? Akasema kwao yeye ni mtu aliyewahi kucheza, lakini akishuka uwanja wa ndege wowote ule bado ni mchezaji. Nilikaa na jibu hilo siku nzima. Mimi tangu nistaafu nikipita sokoni wananiita "Mwalimu" na bado nageuka haraka, kwa hivyo namwelewa.

Nisikufiche, nimejisifu. Kila mtu hapa, kuanzia msaga unga wa posho mili hadi mchungaji, anajua kwamba binti yangu ndiye ashikaye miguu ya Mmarekani. Nitumie picha, lakini usisimame karibu naye sana, utaonekana mtoto wa chekechea.

Babako,
Henry


Najma, Doha
21 Januari 2025

Baba,

Samahani nimekawia. Mambo ni mengi kidogo. Bradley aliumia goti kwenye mechi ya Alhamisi, na hatacheza msimu huu. Muombee.

Mimi nimepewa likizo ya siku chache, nimekuja kupumzika kwa Pamela hapa Najma. Unamkumbuka Pamela, yule nesi, mamake mnasali pamoja. Tunapika, tunalala, tunaenda kanisani Ijumaa. Usiwe na wasiwasi wowote.

Ukiandikiwa na Bradley wiki hii, usimjibu kwanza. Ana maumivu.

Kwamboka


Keroka
26 Januari 2025

Kwamboka,

Likizo! Msimu uko katikati, timu inacheza, na fizio wa timu amepewa likizo? Mimi nimefundisha miaka thelathini na moja. Najua sura ya mtoto aliyefukuzwa shule akarudi nyumbani akisema walimu wana mkutano.

Jana baada ya ibada mamake Pamela alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kuniambia, "Pole sana, Mwalimu. Mungu atamtetea." Atamtetea kwa lipi? Nikaitikia asante, nikajifanya najua. Ilibidi nimsindikize hadi kwake ndipo nikamchokonoa nusu ya habari: umesimamishwa kazi, na huenda ukarudishwa. Nusu nyingine hakuwa nayo. Nimeaibika, Mama. Kusimamishwa kwako si aibu yangu. Aibu ni kuwa kanisa zima lilijua kabla yangu.

Niandikie mwanzo hadi mwisho. Usinitunze. Mimi si yai.

Henry


Najma
27 Januari 2025

Baba,

Nisamehe. Ulikuwa umejisifu hadi kwa mchungaji, nikashindwa nianzie wapi. Sasa nakwambia yote.

Robo ya tatu, Bradley aliruka kuchukua rebaundi, akatua, goti likaenda kando. Mimi nilikuwa wa kwanza kufika. Nikapiga magoti, nikamshika bega, nikamwambia, "Sori, sori, sori sana." Kwa Kiingereza, kwa sababu ndicho anachosikia. Kamera ilikuwa juu yetu na sauti yangu inasikika vizuri. Baba, ukiambiwa pole unajibu nini? Asante. Wewe mwenyewe uliitikia asante kwa mamake Pamela na hukuwa unajua ni ya nini. Bradley alinitazama kama nimemwibia.

Kesho yake akawaambia klabu kwamba fizio alikimbia akaomba msamaha mara tatu kabla mtu yeyote hajajua ameumia wapi, kwa hivyo fizio anajua alichokosea. Kwamba labda nilimfunga kifundo kwa nguvu mno, mzigo ukapanda gotini. Mudir, yaani meneja wa klabu, akaipenda hiyo hadithi. Kwa nini asiipende? Walimchezesha jioni tatu kati ya nne, sasa kosa limepata mwenyewe. Akaniita, akaniwekea video, akaniuliza, "Hii ni sauti yako? Ulisema sori? Basi khalas, yamekwisha." Nikamwambia nilikuwa nampa pole. Akauliza pole ni nini. Nikatafsiri. Baba, unajua nilitafsiri vipi? Nikasema, "Pole maana yake ni sori."

Ndiyo, cheka. Pamela alicheka hadi akakaa chini, kisha tukalia wote wawili.

Kuna kikao tarehe kumi na moja Februari. Wakiamua ni mimi, mkataba umekatwa, ukaazi umekatwa, narudi nyumbani na alama ya uzembe, na hakuna hospitali wala klabu ya huku Ghuba itakayonigusa tena. Miaka minne ya kusomea hii kazi, Baba. Nimekasirika hadi siwezi kula chapati. Nilimfunga vizuri. Nikifumba macho naikumbuka kila duru ya ile plasta, na nilimfunga vizuri.

Kwamboka


Keroka
3 Februari 2025

Mama,

Nilicheka, naam. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikapiga teke ndoo, na sasa kidole kinauma, na mimi mwenyewe ndiye mwenye kosa, kwa hivyo hakuna wa kunipa pole.

Nimefanya jambo bila kukuuliza. Nimemwandikia Bradley. Usiruke. Matusi niliyaandika kwanza nikayafuta. Nilimweleza kama mwalimu. Nilimwambia neno letu pole halina mshtakiwa. Mtu akijikwaa, akifiwa, akinyeshewa, akitoka tu kazini amechoka, anapewa pole na yeyote aliye karibu, na hatuulizi nani alimwaga maji. Nikamwambia watoto wetu wamelichukua neno hilo wakalivika sori, wakaenda nalo duniani, na wenye Kiingereza hawakuarifiwa. Nikamwambia binti yangu alikuwa wa kwanza kupiga magoti, na angemkuta mbuzi ameanguka pale angemwambia vile vile.

Amejibu jana. Anasema alisoma mara tatu, akamwendea Harun dereva, akamuuliza kama ni kweli. Harun akamwambia, "Kaka, kila siku ukigonga kichwa kwenye mlango wa basi mimi hukwambia sori. Ulidhani basi nililiunda mimi?" Bradley anasema alikaa kwenye ngazi za basi na kukumbuka sori zote alizopewa na Wakenya na Waganda wa hapo Doha, kuanzia walinzi hadi wahudumu wa hoteli, na kila mara alikuwa akijiuliza hawa watu wana hatia ya nini.

Amesema ataliondoa shtaka. Mwishoni ameniandikia, "Mwambie Kwamboka: pole." Nikamrudishia mara moja. Pole hutolewa na mtu ambaye mkono wake haumo. Nikamwambia, "Wewe mkono wako umo, yako ni samahani, tena uipeleke mwenyewe kwa mguu ulio mzima."

Kula chapati.

Babako,
Henry


Najma
6 Februari 2025

Baba,

Ningekukasirikia kwa kuandika nyuma ya mgongo wangu, lakini sina nguvu za kukasirikia watu wawili kwa wiki moja.

Amekuja. Harun alimleta, akapanda ngazi za ghorofa tatu kwa magongo kwa sababu lifti ya hapa kwa Pamela imekufa. Majirani wote walitoka kumtazama. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, Pamela akamwekea chai ya maziwa, ndipo Bradley akaniambia, "Samahani." Aliisema vizuri, nadhani aliifanyia mazoezi njiani. Akaniambia nchi zote alizopita amekuwa akilaumiwa yeye, na ile siku alipoona mtu mwingine anaomba msamaha, kwa mara ya kwanza aliona tundu la kutokea. Nikamwambia nimeipokea. Na nilikuwa nimeipokea kweli, Baba. Nilimhurumia.

Sasa sikiliza jambo lingine, na hili usimwambie mtu kanisani.

Ameandika barua kwa klabu kusema ile sori aliielewa vibaya. Lakini ile barua haisemi goti liliumia kwa nini, kwa hivyo mudir bado anataka kikao kifanyike. Bila sababu nyingine, bado wanabaki na plasta yangu. Na sababu nyingine ipo. Ile jioni tulipomkata suruali niliyashika mapaja yote mawili. La kulia, upande wa goti lililoumia, limekonda. Halikondi hivyo kwa wiki moja, ni miezi. Lile goti lilikuwa bovu kabla hajashuka ndege, na amekuwa akilifichia kwa kurukia mguu wa kushoto. Mimi nilikuwa nashughulikia vifundo kwa sababu ndivyo alivyolalamikia. Kumbe alinielekeza huko makusudi.

Nilimuuliza mbele ya Pamela. Hakukana. Aliumia kwenye klabu ya mwisho, akachomwa sindano, akapimwa hapa siku ambayo goti halikuwa limevimba. Mkataba unasema ukificha jeraha, umevunjika. Hatalipwa kilichobaki, na gharama ya upasuaji ni yake. Akaniomba nikiulizwa niseme sijui. "Sema hujui tu. Hawawezi kukufukuza kwa kutojua." Baba, wanaweza. Fizio asiyejua ndiye hasa wanayemtafuta.

Aliongea kuhusu bintiye. Hakulia, lakini chai ilipoa mkononi. Alipokuwa akishuka ngazi nilitaka kumwambia sawa, nitasema sijui. Badala yake nikamtangulia kumfungulia mlango wa chini.

Nisemeje? Nijibu kabla ya Jumanne.

Kwamboka


Keroka
9 Februari 2025

Mama,

Nimelijibu swali lako mara nne na kufuta mara nne.

Katika jibu la kwanza nilikwambia unyamaze, umwokoe. Nilikuwa nimeshaanza kumpenda huyu mtu. Tumeandikiana mambo ya kikapu miezi mitatu, na hapa Keroka hakuna wa kuongea naye kikapu tangu Mwalimu Omondi ahamie Siaya. Kisha nikasoma nilichoandika nikaona namhurumia mgeni kwa gharama ya kazi ya mwanangu. La pili nilimtukana. La tatu lilikuwa mahubiri. La nne lilikuwa mahubiri marefu zaidi.

Hili ndilo la tano. Sema ulichokishika kwa mikono yako. Usiongeze chumvi, usiseme alikuelekeza makusudi, usiseme ni mwongo. Hilo ni lake kulisema au kutolisema. Lakini paja ulilishika wewe.

Nikisema hivi moyo unaniuma kwa ajili ya yule msichana wa Ohio nisiyemjua. Usidhani nimekuwa jiwe.

Henry


Al Wukair
2 Machi 2025

Baba,

Nimerudi chumbani kwangu Al Wukair na kazini pia. Najua umesubiri. Nilikutumia ujumbe wa "nimeshinda" ile Jumanne, na wewe ukajibu "Asante Mungu," na tangu hapo sijaweza kuandika, kwa sababu sikuhisi kama nimeshinda.

Kikao kilikuwa kifupi. Mudir, mkurugenzi, daktari, Bradley na magongo yake, na mimi. Wakasoma barua yake ya kuondoa shtaka. Mudir akauliza, basi kama si plasta, ni nini? Akanitazama mimi. Nikasema niliyashika mapaja yote mawili usiku ule, na la kulia lilikuwa limepungua kwa namna inayochukua miezi. Sikusema zaidi. Daktari akainama kwenye picha za goti akazitazama upya, na nikamwona anaona.

Bradley alinitazama muda mrefu. Nilidhani atanikana. Kisha akasema, "Yuko sahihi. Lilikuwa hivi nilipofika. Hakuna aliyejua." Akasema hivyo kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayetaja jina lake mapokezi. Nikaona mabega yake yameshuka, na sijui kama ni huzuni au ni kutua mzigo. Labda vyote.

Walivunja mkataba siku ile ile. Klabu ilimpa tikiti ya ndege, hilo angalau walifanya. Nilienda na Harun kumpeleka uwanja wa ndege, ingawa hakuniomba. Harun alijaribu redio, akazima. Tulipofika nikamshushia sanduku, nikamwandikia mazoezi ya wiki sita za kwanza baada ya upasuaji, maana najua atayaruka. Akaniambia, "Miaka kumi na nne nimewaambia madaktari wa kila nchi uongo, na wote walifurahi kuusikia. Wewe nakuchukia kidogo." Nikamwambia najua. Akaniambia kidogo tu. Akaingia. Nililia kwenye basi hadi tukapita Al Wakrah, na Harun aliendesha polepole, Mungu ambariki.

Ananiandikia nikimwandikia. Wewe najua anakuandikia bila kuandikiwa. Anasema amepata kazi ya kufundisha watoto kwenye ukumbi wa mtaa wao, jioni tu, na binti ataanza chuo karibu na nyumbani, si kile cha mbali alichotaka. Hilo la binti linanirudia kila siku, Baba. Sijutii nilichosema, na bado linanirudia. Nimeacha kungoja moja liliue lingine.

Sasa kuna mchezaji mpya, aliingia jana. Mmarekani tena, miaka thelathini na tatu, nchi nane. Ni Ramadhani, sote tumefunga saumu au tumejifanya kufunga, mazoezi ni baada ya futari, kwa hivyo alinikuta chumba cha matibabu peke yangu. Akatabasamu, akasema mwili wake haujawahi kuwa mzuri hivi, ni vifundo tu vinavyohitaji plasta kidogo.

Nikaweka plasta chini. Nikamwambia bado sijaandika chochote kwenye faili lake, hapa tuko wawili, na tukianza mapema kuna mambo yanatibika. Nikamuuliza ni goti gani.

Alitazama mlango. Kisha akapanda kitandani, akakunja mguu wa suruali, wa kushoto.

Mwanao,
Kwamboka